Vidonge vya sukari na godoro lililoanikwa: tusichokiona kuhusu watoto wanaokojoa kitandani

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, makundi ya WhatsApp ya wazazi wa Nairobi hupata ujumbe wa aina moja. Mama ana mtoto wa miaka tisa au kumi anayekojoa kitandani, shule ya bweni inamsubiri, na anauliza kama kuna anayejua dawa. Zamani majibu yalikuwa mizizi ya kuchemsha, maombi, au ushauri wa kumnyima mtoto maji kuanzia alasiri. Siku hizi jibu linalozidi kusikika ni vidonge vidogo vyeupe, vitamu, vinavyoyeyuka chini ya ulimi, ambavyo wanaovitoa huviita homeopathia. Mabishano yanayofuata hugawanyika upesi. Upande mmoja husema kwamba hizi ni dawa za asili ambazo madaktari wanazidharau kwa sababu haziwaletei faida. Upande wa pili hujibu kwamba ni utapeli mtupu na kwamba mzazi anayenunua ni mjinga. Naamini pande zote mbili hazijaelewa kinachotokea. Vidonge hivi si mitishamba, na havina uwezo wa kuzuia mkojo wa mtoto. Lakini yale yanayofanyika katika chumba cha anayevitoa, yaani mtoto kusikilizwa kwa saa nzima na mzazi kuambiwa aweke fimbo chini, ni msaada wa kweli ambao hospitali zetu, shule zetu na sisi wazazi tumeshindwa kuutoa. Tusipotenganisha mambo hayo mawili tutaendelea kulipia ndani ya kidonge kitu ambacho hakimo, na baadhi ya watoto watadhurika kwa kosa hilo.

Tuanze na hali yenyewe. Kukojoa kitandani huhesabiwa kuwa tatizo la kiafya mtoto anapokuwa ametimiza miaka mitano na bado analowesha kitanda usingizini mara kwa mara. Katika umri huo karibu watoto 15 kati ya 100 hulowesha. Wakifika miaka saba hubaki takriban 10, na wakifika miaka kumi hubaki kama 5. Kwa hiyo katika darasa la watoto 50 wa miaka saba pale Umoja au Kayole, si ajabu wakawamo watano wenye hali hii, kila mmoja akiamini kwamba yuko peke yake duniani. Mambo matatu hukutana kuileta. Kuna watoto ambao miili yao haitoi usiku kiasi cha kutosha cha vasopresini, ile homoni inayoziamuru figo zipunguze mkojo, hivyo mkojo wao wa usiku huwa mwingi kama wa mchana. Kuna wengine ambao kibofu chao hakihimili kiasi kikubwa. Na karibu wote hulala usingizi ambao ishara ya kibofu kujaa haiwezi kuupenya. Urithi una sehemu kubwa: mtoto ambaye mzazi wake mmoja alipitia hali hii ana uwezekano wa takriban asilimia 44 wa kuipata, na ikiwa ni wazazi wote wawili, uwezekano huo hupanda hadi kama asilimia 77. Ningependa kila baba anayemchapa mwanawe kwa sababu ya shuka aende kwanza akamuulize mama yake jinsi yeye mwenyewe alivyolala utotoni.

Homeopathia nayo ina asili yake, na asili hiyo haiko katika misitu ya Afrika wala mahali pengine ambapo mababu walijifunza majani kwa kuyatumia. Ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1790 alikula gome la mkwinini akiwa mzima, akajihisi ana dalili zinazofanana na za homa ya vipindi, akahitimisha kwamba kitu kinacholeta dalili kwa mtu mzima wa afya ndicho kinachoziponya kwa mgonjwa. Mwaka 1796 alichapisha wazo hilo. Sisi tuliolelewa katika nchi ya malaria tuna haki ya kusimama hapo kidogo, kwa maana gome hilo kweli lilitibu malaria, lakini lilitibu kwa sababu kwinini iliyomo huua vimelea vilivyo ndani ya damu, na huviua ikiwa imetolewa kwa kipimo cha kutosha. Hahnemann alienda njia nyingine kabisa: alifundisha kwamba kadiri dawa inavyozimuliwa na kutikiswa ndivyo nguvu yake inavyoongezeka. Kipimo cha kawaida, kinachoandikwa 30C kwenye chupa, maana yake ni kwamba tone moja la dawa limetiwa katika matone 99 ya maji au pombe, kisha tone moja la mchanganyiko huo likatiwa katika matone mengine 99, na hivyo hivyo mara 30. Ukizidisha, dawa imezimuliwa kwa kiwango cha 1 kinachofuatwa na sifuri 60. Kemia inatuambia kwamba baada ya hatua ya 12 au hapo karibu, uwezekano wa kubaki hata molekuli moja ya kitu cha mwanzo ni mdogo sana. Kinachobaki hudondoshewa kwenye punje za sukari, hukauka, kisha huuzwa.

Kwa watoto wanaokojoa kitandani, vitabu vya homeopathia vinataja majina kama Equisetum, Causticum, Kreosotum, Belladonna, Sepia na Pulsatilla, na huyagawa kwa namna mtoto anavyolala na kuota. Kreosotum, inayotokana na lami ya mti, hupewa mtoto anayeota kwamba yuko chooni; Causticum huhusishwa na yule anayelowesha mapema, katika usingizi wa kwanza; Sepia hutokana na wino wa ngisi. Nayataja haya kwa sababu wazazi wengi niliozungumza nao walidhani wamenunua majani. Hilo ndilo kosa la kwanza la kurekebisha, na si dogo. Mitishamba ina kemikali, na kwa sababu hiyo inaweza kuponya na inaweza pia kudhuru; anayejua mwarobaini anajua uchungu wake na anajua kwamba kipimo kina maana. Kidonge cha 30C hakina jani wala mzizi ndani yake. Anayekitetea kwa kusema kwamba anatetea elimu ya wazee wetu anatetea, bila kujua, nadharia ya Ulaya ya karne ya 18, huku mganga wa kienyeji ambaye kweli anaujua mti wake akitumiwa kama pazia la biashara ya watu wengine.

Hata hivyo, wazazi hawasemi uongo wanaposimulia kwamba mtoto wao alikauka, yaani aliacha kulowesha kitanda, baada ya kutumia vidonge hivi. Wanasema walichokiona, na maelezo yake yako katika hesabu ambayo inastahili kupigwa polepole. Kati ya watoto wanaolowesha kitanda, takriban asilimia 15 huacha kila mwaka bila tiba yoyote, kwa kukua tu. Chukua watoto 100 wa miaka minane, wape kila mmoja punje ya sukari ya dukani, usubiri mwaka mmoja: kama 15 watakuwa wamekauka. Mama hao 15 watatoa ushuhuda kwa moyo safi, watamtumia jirani namba ya simu, watasimama kanisani au watazungumza kwenye chama. Wale 85 watanyamaza, kwa kuwa hakuna anayeandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mtoto wake bado anakojoa kitandani. Kuna jambo jingine linaloipa hesabu hiyo nguvu. Hali hii haiko sawa kila wiki. Huzidi mtoto anapokuwa na wasiwasi, anapohama nyumba, anapopata ndugu mchanga, au mtihani unapokaribia, kisha hupungua yenyewe. Mzazi hutafuta dawa wiki ile mambo yamekuwa mabaya kabisa, maana ndipo subira inapokwisha. Chochote atakachompa mtoto wiki hiyo kitapata sifa ya nafuu ambayo ilikuwa njiani tayari. Ndiyo sababu ushuhuda, hata ukiwa wa watu 100 waaminifu, hauwezi kujibu swali hili. Linajibiwa tu kwa kuwagawa watoto kwa bahati nasibu, wengine wapewe dawa na wengine kidonge kisicho na dawa, bila mzazi wala daktari kujua nani amepata nini.

Utafiti wa namna hiyo umefanywa, na uaminifu unanitaka niutaje ulio bora kwa upande ninaoupinga. Mwaka 2008 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya jaribio lililolinganisha desmopresini, ambayo ni dawa inayoiga vasopresini, na mchanganyiko wa dawa za jamii ya homeopathia, na kidonge kisicho na dawa. Desmopresini ilishinda kwa mbali. Lakini mchanganyiko ule nao ulifanya vizuri kuliko kidonge kitupu. Mtetezi wa homeopathia ana haki ya kuuweka utafiti huo mezani. Nami nina haki ya kuuliza mambo mawili: je, jaribio moja linatosha kutuacha tuamini jambo linalopingana na kemia yote tunayoijua, na je, kwa nini mzazi achague kilichoshindwa badala ya kilichoshinda katika jaribio hilo hilo? Tukitazama ushahidi kwa upana wake, baraza la kitaifa la utafiti wa afya la Australia lilipitia magonjwa 61 mwaka 2015 na halikupata hata moja ambalo kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathia inalitibu. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza iliwashauri madaktari wake mwaka 2017 waache kuziandika dawa hizi, na Ufaransa, ambako zilipendwa kwa miaka mingi, iliacha kuzilipia kupitia bima ya umma mwaka 2021. Nchi hizo zilikuwa na kila sababu ya kisiasa ya kuziacha ziendelee.

Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni lile lisilo ndani ya chupa. Mama anayempeleka mtoto kwa mtoa homeopathia huketi naye muda mrefu. Huulizwa mtoto analala saa ngapi, anaota nini, anaogopa nani, anapenda chakula gani, alianza lini, nani mwingine katika ukoo alikuwa hivyo. Mtoto mwenyewe huulizwa, pengine kwa mara ya kwanza maishani, na mtu mzima asiyemcheka. Mwishoni huambiwa kwamba ana hali inayoitwa jina fulani na kwamba dawa yake ni hii. Tangu siku hiyo nyumbani hapigwi tena, kwa sababu mgonjwa aliye katika dawa hapigwi. Linganisha na foleni ya kliniki ambako mama amesubiri tangu alfajiri ili apewe dakika tano na maneno mawili: "Atakua tu." Nikiwa darasa la sita katika shule ya bweni, mwenzetu aliyelala kitanda kilicho chini ya changu alikuwa akilazimishwa kubeba godoro lake kichwani hadi uwanja wa gwaride kila alipolowesha, na sisi sote tuliruhusiwa kumzomea. Hakuwahi kukauka muhula ule, na leo naelewa kwa nini. Kumwadhibu mtoto kwa tendo la usingizini hakumfunzi lolote, maana hakuwa macho lilipotendeka; kunamwongezea hofu, na hofu huuvuruga usingizi na kumfanya afiche shuka, adanganye, ajitenge. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi tumewafundisha watoto hawa kuficha.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba homeopathia "angalau haina madhara", naona hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayowatuliza wengi. Kwanza, kidonge huwa kitupu pale tu kilipotengenezwa kama kinavyodai. Belladonna ni mmea wenye sumu, na mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kwamba vipimo vyake vimekuta viwango vya Belladonna visivyolingana, vingine vikizidi mno kilichoandikwa, katika vidonge vya homeopathia vilivyouzwa kwa watoto wachanga wanaoota meno. Lakini madhara makubwa zaidi ni ya muda unaopotea. Mtoto ambaye hajawahi kukauka kwa muda mrefu tangu kuzaliwa ni tofauti na mtoto aliyekauka miezi sita au zaidi kisha akaanza tena. Huyu wa pili ana jambo. Huenda ni kisukari cha utotoni, na dalili zake ni kiu isiyokatika, kukojoa mara nyingi mchana na usiku, na kukonda. Mtoto huyo akipewa punje za sukari kwa wiki tatu huku damu yake ikizidi kujaa sukari, anaweza kuingia katika hali ya kupoteza fahamu na kufa. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Huenda ni mafindofindo au nyama za pua zinazomzuia kupumua vizuri usiku, naye hukoroma kama mtu mzima. Huenda ni kufunga choo, sababu inayosahaulika kila siku: utumbo uliojaa kinyesi hukibana kibofu, na watoto wetu wengi hujizuia shuleni kutwa nzima kwa sababu vyoo vinatisha. Kwa familia zenye asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani, ambako ugonjwa wa selimundu (sickle cell) umeenea zaidi, inafaa kujua kwamba ugonjwa huo huharibu uwezo wa figo wa kuukoleza mkojo, na watoto wenye nao hulowesha kitanda zaidi ya wengine. Na kuna uwezekano ambao hakuna mzazi anayetaka kuufikiria, kwamba mtoto aliyeanza ghafla kulowesha anafanyiwa ukatili na mtu anayemjua. Hakuna punje itakayoyafichua haya. Vipimo vya mkojo na vya sukari vitayafichua baadhi, na maswali ya taratibu yatayafichua mengine.

Upande wa pili nao una hoja yake dhaifu, nayo ni ile ya kusema basi tusubiri, mtoto atakua. Ni kweli kwa wengi, lakini anayelowesha kila usiku akiwa na miaka kumi hayuko katika kundi linalokauka upesi, na mtu mmoja au wawili kati ya 100 hubaki na hali hii hata ukubwani. Tiba zilizothibitishwa zipo. Kengele ya mkojo, kifaa kinachomwamsha mtoto tone la kwanza linapogusa nguo, imejulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ilielezwa vizuri na wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1938, na huwasaidia takriban theluthi mbili ya watoto wanaoitumia kwa wiki nane hadi 16. Desmopresini hufanya kazi usiku huo huo, na ndiyo maana inafaa kwa safari au kwa wiki za kwanza za bweni, ingawa wengi hurudia wanapoiacha, na mtoto asinywe maji mengi usiku wa kuimeza kwa sababu chumvi ya damu inaweza kushuka kwa hatari. Lakini nani wa kuwaeleza haya familia ya watu sita katika chumba kimoja cha Mathare, ambako kengele itawaamsha wote pamoja na majirani nyuma ya mabati, na ambako maji ya kufulia shuka hununuliwa kwa mtungi? Kengele yenyewe si kifaa unachokikuta kwa urahisi kwenye kemisti ya mtaani. Anayewacheka wazazi hawa kwa kununua vidonge ajibu kwanza swali hilo. Jibu langu ni kwamba hatua za mwanzo hazihitaji kifaa: maji ya kutosha asubuhi na mchana ili kibofu kizoee, yapungue jioni, chai ya usiku iondolewe, mtoto aende haja ndogo kabla tu ya kulala, choo kigumu kitibiwe, asifiwe kwa kutimiza hayo, ambayo yako katika uwezo wake, na asisifiwe wala kulaumiwa kwa godoro kavu au lililolowa, ambalo haliko.

Hapo ndipo mambo ya kisera yanapoingia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba asili na tiba mbadala, na sioni haja ya kuyaondoa hayo. Ninachotaka ni chupa iseme ukweli: Bodi ya Famasia na Sumu idai kwamba kidonge kilichozimuliwa hadi kukosa dawa kisiuzwe kwa jina la mitishamba, na kwamba anayetangaza kuponya watoto aonyeshe ushahidi kama anavyodaiwa mtengenezaji wa dawa nyingine yoyote. Watoa homeopathia wenye nia njema, na wapo, wanaweza kukubali jambo moja bila kupoteza heshima yao, kwamba hakuna mtoto atakayepewa punje kabla mkojo wake na sukari yake kupimwa kliniki. Kuhusu shule, Katiba ya 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 tayari zinakataza adhabu za viboko na za kudhalilisha. Mtoto kubebeshwa godoro mbele ya wenzake ni udhalilishaji, na mwalimu au matroni anayeamuru hivyo anavunja sheria. Fomu ya kuingia bweni iwe na swali moja la faragha kuhusu jambo hili, na bweni liwe na shuka za akiba na mahali pa kubadilishia pasipo na watazamaji.

Kliniki nazo zina kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kuanzia mlangoni pa nyumba. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaotembelea kaya. Muhudumu aliyefunzwa kwa siku moja anaweza kumuuliza mama, kando na watoto wengine, maswali ambayo mtoa homeopathia huyauliza: alianza lini, aliwahi kukauka, anakunywa maji kwa pupa, anapata choo kila siku, anakoroma, nani mwingine katika ukoo. Majibu mawili au matatu yatamwambia ni mtoto yupi apelekwe hospitali leo na yupi asubiri mwezi mmoja huku nyumba ikibadilisha mazoea. Kisha amgeukie mtoto, amweleze kwamba figo zake bado hazijajifunza usiku, na kwamba katika darasa lake wamo wengine.